Jumatano ya Majivu: Foleni Pekee Ambayo Mathe Hupanga

Jumatano iliyopita, tarehe 18 Februari, tulipanda matatu mimi na mathe kutoka Misa ya alfajiri. Yeye alikuwa na msalaba mweusi kwenye paji la uso, mkubwa, maana padri wetu hana mkono mwepesi. Konda, kijana wa rika langu tu, akamwangalia akasema, "Mathe, uko na masizi hapo juu, jifute kidogo."

Mathe akacheka. "Haya si ya sufuria, kijana wangu. Ni ya kanisa."

Kisha akakaa wima kabisa, uso juu, kana kwamba anataka matatu yote imuone. Huyu ni mtu ambaye Jumapili huchagua benchi la karibu na ukuta ili asionekane. Najua ni kwa nini, na ndiyo sababu ya hii stori yote.

Nikiwa na miaka saba hivi nilimuuliza katikati ya Misa, kwa sauti ya mtoto ambaye hajui kunong'ona: "Mathe, mbona wewe huwa hauendi kuchukua?" Watu walikuwa wamepanga foleni ya komunyo. Mathe alikuwa amebaki kwenye benchi, amepakata mkoba wake, mkoba wa jirani, na mkoba wa jirani wa jirani. Kama umekulia parokia yoyote ya Nairobi unaijua hii kazi. Kuna watu huenda mbele na kuna watu hubaki kulinda mikoba. Hakunijibu. Alinifinya mkono tu, na si kwa hasira.

Jibu nililipata nikiwa kidato cha tatu. Buda alikuwa amefunga ndoa ya kanisa miaka mingi kabla ya kukutana na mathe. Yule mama wa kwanza aliondoka, akaenda na maisha yake, lakini kwenye kitabu cha parokia ndoa bado ipo. Kwa hivyo mathe, ambaye ametolewa mahari, amelea watoto watatu na amekaa na mume mmoja kwa miaka 23, kwa hesabu ya kanisa hana ndoa. Haongei sana kuhusu hilo. Ila hakomuniki.

Lakini majivu huyapokea. Kila mwaka, bila kukosa, anakuwa kati ya watu kumi wa kwanza kwenye foleni.

Majivu si sakramenti. Yako kwenye kundi la visakramenti, pamoja na maji ya baraka na matawi, na hakuna mtu anayeulizwa cheti cha ndoa ili apakwe. Hata asiyebatizwa akipanga foleni atapakwa. Mimi nilidhani imekuwa hivyo tangu zamani, kwamba majivu ni kitu cha kila mtu. Juzi nikaingia maktaba na mtandaoni kusoma historia yake, na manze, ni kinyume kabisa. Majivu yalianza kama alama ya kumtoa mtu nje.

Kwenye Biblia unaona watu wakijimwagia majivu kwa huzuni: Ayubu, Mordekai, na yule mfalme wa Ninawi aliyeshuka kwenye kiti chake akakaa majivuni. Wakristo wa kwanza waliendeleza hiyo lugha, ila kwa watu fulani tu. Karibu mwaka 200, mwandishi mmoja Mwafrika aitwaye Tertullian, wa Carthage, mji uliokuwa pale ilipo Tunisia leo, alieleza jinsi Mkristo aliyetenda dhambi kubwa alivyovaa gunia, akalala kwenye majivu, akawaomba wenzake wamwombee. Kubatizwa kulikuwa mara moja, na nafasi ya kurudi baada ya kuanguka vibaya ilikuwa pia mara moja. Ukirudia, basi.

Na adhabu haikuwa sala tatu na kwenda zako kejani. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, ule uliotupa Kanuni ya Imani, uliamua pia jinsi ya kuwarudisha watu walioikana imani bila kulazimishwa. Miaka mitatu wasikilize masomo tu. Miaka saba wawe kati ya wanaosujudu. Miaka miwili zaidi wasali na wengine bila kutoa sadaka wala kukomunika. Hiyo ni miaka 12! Kila mtu kanisani alijua wewe uko daraja gani, kwa sababu daraja lako lilikuwa mahali unaposimama. Niliposoma hapo nikakumbuka benchi la ukutani.

Mtu aliyenishika zaidi ni mwanamke wa Roma wa karne ya 4, anaitwa Fabiola. Habari zake tunazijua kwa barua ya Mtakatifu Jerome aliyoiandika baada ya kifo chake. Fabiola alitoka ukoo mkubwa sana. Mume wake wa kwanza alikuwa na tabia mbovu kupita kiasi, kwa hivyo akamwacha na kuolewa na mwingine, yule wa kwanza akiwa bado hai. Sheria ya Roma ilimruhusu. Sheria ya kanisa haikumruhusu. Mume wa pili alipofariki, Fabiola alivaa gunia, akaachilia nywele, akasimama na watu wa kitubio kwenye kanisa la Laterani kabla ya Pasaka, mji mzima ukimtazama. Tajiri, wa ukoo wa kina fulani, uso umeparara, shingo ina vumbi. Jerome anasema askofu, mapadri na watu wote walilia pamoja naye. Baadaye akapokelewa tena, akauza mali yake, akajenga hospitali ya maskini pale Roma, na akawa anawabeba wagonjwa kwa mikono yake, hata wale wenye vidonda ambavyo wengine hawakutaka kuvitazama.

Nimemsimulia mathe hii stori mara mbili. Mara ya kwanza aliuliza, "Na yule mume wa kwanza, yeye alisimama wapi?" Sikuwa na jibu. Yule hakuitwa popote.

Kufikia karne za 6 na 7 Kwaresima ilikuwa imeanza kupata sura tunayoijua. Neno lenyewe linatoka kwa Kilatini, quadragesima, yaani ya arobaini. Hapa ndipo watu hubishana kwenye vikundi vya WhatsApp kila mwaka: mbona ukihesabu kutoka Jumatano hadi Jumamosi Kuu unapata siku 46? Ni kwa sababu Jumapili hazifungwi, na ziko sita. Zamani mfungo ulianza Jumapili, ukiondoa Jumapili unabaki na siku 36, kwa hivyo kanisa la Roma likasogeza mwanzo nyuma siku nne ili 40 zitimie. Jumatano ilizaliwa kwa hesabu ya kujazia. Na kwa kuwa ndiyo ilikuwa siku ya kufungua Kwaresima, ikawa pia siku ya kuwaanzisha watu wa kitubio.

Regino wa Prüm, abate wa sehemu ambayo leo ni Ujerumani, aliandika karibu mwaka 906 jinsi ilivyokuwa. Watu wa kitubio walikuja mlangoni mwa kanisa miguu mitupu, wamevaa gunia, nyuso zikitazama chini. Askofu akawaingiza ndani, zikaimbwa zaburi za toba, akawawekea mikono, akawanyunyizia maji ya baraka, akawamwagia majivu vichwani na kuwafunika kwa gunia. Halafu akawatangazia, kwa kuugua, kwamba kama Adamu alivyofukuzwa paradiso, nao wanafukuzwa kanisani. Wahudumu wakawatoa nje. Mapadri wakawafuata hadi mlangoni wakiimba maneno ambayo Mungu alimwambia Adamu juu ya kula kwa jasho. Mlango ukafungwa. Walirudishwa Alhamisi Kuu.

Soma tena hiyo aya kisha ufikirie yule konda na kitambaa chake. Katika karne ya 10, majivu kichwani yalimaanisha wewe ndiye. Kijiji kizima kilijua ni wewe, na pengine kilijua ulifanya nini na nani.

Sasa, ilikuwaje alama hiyo ya aibu ikawa kitu ambacho watu hukimbilia saa kumi na mbili asubuhi kabla ya kazi? Kilichotokea ni kwamba watu wengine walianza kuingia kwenye foleni. Wale ambao hawakuwa na kosa la hadharani, ambao hakuna askofu aliyewaita, walikuja nao wakainamisha vichwa. Hakukuwa na siku moja ambapo jambo hili lilianza, lilikua polepole. Ila kufikia karibu mwaka 1000, huko Uingereza, mtawa aliyeitwa Ælfric alikuwa tayari akihubiri kwamba kila mtu apokee majivu mwanzoni mwa Kwaresima. Na ili wakaidi wamsikie, alisimulia habari ya jamaa mmoja aliyekataa kwenda kupakwa. Kabla wiki haijaisha jamaa akiwa juu ya farasi alivamiwa na mbwa, na katika kujitetea akachomwa na mkuki wake mwenyewe, akafa. Ælfric anamalizia kwamba alizikwa chini ya mizigo mingi ya udongo kwa kuwa alikataa majivu kidogo tu. Mahubiri ya kutisha watu hayakuanzia kwa runinga, bana.

Mwaka 1091, Papa Urbano wa Pili akiongoza sinodi ya Benevento, Italia, jambo likawekwa rasmi: mapadri na walei, wanaume na wanawake, wote wapokee majivu siku hiyo. Kitubio cha hadharani chenyewe kilikuwa kinafifia. Ungamo la siri, wewe na padri tu, lilikuwa limeenea, na Mtaguso wa Laterani wa mwaka 1215 ukaagiza kila Mkristo aungame angalau mara moja kwa mwaka. Wale wa kufukuzwa mlangoni wakapotea kidogo kidogo. Majivu yakabaki, na yakabaki kwa kila mtu. Leo Papa mwenyewe huyapokea, kule Roma kwenye kanisa la Santa Sabina, naye anakumbushwa kwamba ni mavumbi.

Kwetu yalifika kwa meli. Wareno walianza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, na miaka michache baadaye watawa Waagostino wakafungua nyumba yao Mombasa, kwa hivyo Kwaresima ilifungwa pwani hii zaidi ya miaka 400 iliyopita. Haikushika mizizi. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, ambaye Wareno walikuwa wamembatiza Jerónimo, aliwageuka, na hilo likawa pigo kubwa kwa sura hiyo ya kwanza. Ya pili ilikuja kupitia Zanzibar na Bagamoyo na Mapadri wa Roho Mtakatifu, waliofika Nairobi mwaka 1899 wakati mji wenyewe ni reli na mahema. Mwaka 1902 Wakonsolata wakafika Tuthu, Murang'a, kwa Chifu Karuri wa Gakure. Huko ndiko kwa shosho.

Shosho alipakwa majivu ya kwanza kwa Kilatini. Anasema padri Mzungu alinong'ona kitu, wakatoka wameinama, na wote walijua tu kwamba kuanzia siku hiyo hakuna nyama. Maana ya maneno aliijua alipoelezwa na katekista. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ulioisha 1965, akayasikia kwa Kikuyu, na anasema alishtuka. Kusikia kwamba wewe ni mavumbi kwa lugha ya mama si mchezo.

Mfungo nao ulikuwa mgumu. Kabla ya 1966, mtu mzima alitakiwa kufunga karibu kila siku ya Kwaresima isipokuwa Jumapili. Februari mwaka huo Papa Paulo wa Sita akapunguza: siku mbili tu za kufunga kwa sheria, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Kwa kanuni za sasa unafunga ukifika miaka 18 hadi 59, na kuacha nyama kunaanza ukiwa na 14. Mlo mmoja kamili, na viwili vidogo ambavyo vikiunganishwa havifiki mlo. Nimeona wasee wakilia mtandaoni kwamba hii ni ngumu. Jirani yetu wa ploti ni Muislamu, na mwaka huu kama mwaka jana Ramadhani imeanza wiki moja na Kwaresima. Alisikia nikieleza hiyo hesabu ya milo akanipa pole huku akicheka.

Lakini kuna kitu wamisionari walileta pamoja na majivu ambacho shosho hukitaja kwa sauti ya chini. Mwanamume mwenye wake wawili akitaka kubatizwa aliambiwa achague mmoja. Yule mwingine, na watoto wake, alibaki na maisha yake pembeni. Kuna wanawake walikaa miaka na miaka wakihudhuria kila Misa, wanajua nyimbo zote, na hawajawahi kusogea mbele. Kwa hivyo benchi la ukutani halikuanza na mathe.

Na kama ni historia, basi tuiseme yote. Hadi mwaka 1563, pale Mtaguso wa Trento ulipotoa amri kwamba ndoa ifungwe mbele ya padri na mashahidi, watu wawili huko Ulaya waliweza kukubaliana wenyewe, hata jikoni, na kanisa likahesabu hiyo ni ndoa halali, japo halikuipenda njia hiyo. Sisemi hili limtoe mathe kwenye shida yake. Buda alikuwa tayari ameweka ahadi, na hilo hata mwaka 1200 lingekuwa kizuizi. Nalisema kwa sababu ya wale wanaoita kila ndoa ya kimila njoo-tukae, kana kwamba mahari ni bei ya kodi ya nyumba.

Sipingi kanisa kuwa na sheria. Niliwahi kuwa na hasira hiyo na ikaisha. Ahadi ya ndoa ni ahadi, na yule mama wa kwanza naye ni mtu. Tangu 2015 Papa Francis alirahisisha njia ya mahakama ya kanisa kuchunguza kama ndoa ya kwanza ilikuwa halali, na buda ana fomu hizo kwenye droo. Hajazijaza. Anasema hataki kuulizwa na mtu ambaye hajawahi kuoa. Hilo ni lake na sitalimaliza hapa.

Kinachonichoma ni kingine. Miaka miwili iliyopita mathe alikuwa mweka hazina wa jumuiya yetu. Hesabu zake zilikuwa safi. Kila shilingi ya mchango wa mazishi alikuwa ameiandika kwenye daftari la karatasi na tena kwenye simu. Siku moja mwenyekiti alikuja nyumbani, akanywa chai, akasema kuna maagizo kwamba kiongozi lazima awe mtu anayekomunika. Akaondoka na daftari. Hakuna aliyesema kitu kwenye mkutano uliofuata. Watu 19 ambao mathe amepika kwenye matanga yao, na hakuna aliyeuliza hata swali.

Hapo ndipo mimi nakwama nikisoma habari za karne ya 10. Sheria ilikuwa kali kuliko yetu mara mia. Bado kuna watu walitoka kwenye mabenchi yao, wakaenda kusimama na wale wa kufukuzwa, wakamwagiwa majivu yale yale. Hawakubadilisha sheria. Walikwenda tu kusimama pale.

Mwaka huu, wiki moja kabla ya Jumatano, parokia ilitangaza kama kawaida: leteni matawi ya mwaka jana yachomwe. Majivu ya foleni yetu ni ya matawi ya Jumapili ya Matawi iliyopita. Nyumba nyingi huwa zimeyapoteza, yamekaukia nyuma ya kabati au yamefagiliwa. Mathe huwa na lake juu ya kalenda, limefungwa kwa uzi. Alilishusha, akapita kwa majirani watatu kuuliza kama wana yao, akakusanya mengine, akayabeba kwenye mfuko wa unga hadi kanisani. Mwenyekiti hakuwa na tawi. Alisema watoto walilichezea. Jumatano alipakwa kama kila mtu, watu wanne nyuma ya mathe, na walipotoka walisalimiana, wote wawili na misalaba usoni.

Jumapili tulirudi Misa ya pili. Foleni ya komunyo ilipoanza, mwenyekiti aliinuka, akageuka, akamkabidhi mathe mkoba wake bila kuangalia, kama kawaida. Nilikuwa nimeshainuka kwenda mbele. Nikakaa tena. Mathe akanitazama kwa jicho kali, akanong'ona, "Nenda, wewe hauna shida." Nikamwambia leo nitashika mikoba. Akanisukumia miwili, akabaki na mmoja.